Jinsi ya Kuwa Muuguzi wa Usingizi Ukianzia Dodoma

Katika hospitali nyingi za wilaya nchini, anayemlaza mgonjwa kwa ajili ya upasuaji si daktari bingwa. Ni muuguzi aliyesomea usingizi na ganzi, na mara nyingi yuko peke yake upande wa kichwa cha mgonjwa wakati wenzake wote wameinamia tumbo. Mama aliyekwama kujifungua Mpwapwa au Manyoni saa nane usiku anamtegemea mtu huyo kwa kila pumzi. Anayetaka kazi hii ajue hilo kabla hajajaza fomu yoyote: hasomei kuchoma sindano ya nusu kaputi na kuondoka. Anasomea kukaa na mgonjwa, kumtazama bila kuacha, na kuamua ndani ya dakika moja au mbili mambo yanapobadilika.

Njia ni ndefu kiasi, lakini haina siri. Wanaokwama hukwama mahali palepale: masomo ya sekondari, ruhusa ya mwajiri, na kuchagua kozi kwa kuangalia ufupi wake.

Uuguzi kwanza

Kwa watu wengi mlango ni stashahada ya uuguzi na ukunga, ambayo ni miaka 3. Sifa ya kujiunga ni ufaulu wa kidato cha nne usiopungua alama D katika masomo manne yasiyo ya dini, na ndani yake lazima ziwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza huongeza nafasi pale waombaji wanapokuwa wengi. Fizikia ndiyo inayowaangusha vijana wengi. Wanaiacha wakifika kidato cha tatu kwa kuwa wanaiona ngumu, halafu miaka 2 baadaye wanagundua kwamba wamejifungia mlango. Kama una mdogo wako yuko kidato cha pili na anasema anataka uuguzi, mwambie asiiache. Kama wewe mwenyewe huna, rudia somo hilo kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ni nafuu kuliko kuzunguka miaka ukitafuta chuo kitakachokufumbia macho.

Kwa aliye Dodoma au Singida, vyuo haviko mbali: Mirembe mjini Dodoma, Mvumi, Kondoa, na chuo cha St. Gaspar kule Itigi. Kwa ngazi ya shahada ya uuguzi kuna Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo Kikuu cha St. John's. Kabla ya kulipa hata shilingi, hakikisha kwamba chuo kimesajiliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ngazi hii, na kwamba kozi yenyewe imo kwenye kitabu chao cha mwongozo cha mwaka huo. Chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa lakini kozi unayoitaka isiwe na idhini. Bodi ya Mikopo nayo imefungua mikopo kwa wanafunzi wa stashahada za fani za kipaumbele, afya ikiwemo, kuanzia mwaka wa masomo 2023/24. Andaa mapema cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa, na vyeti vya vifo vya wazazi kama wamefariki, kwa sababu hivyo ndivyo huchelewesha maombi.

Ukimaliza chuo bado hujawa muuguzi mbele ya sheria. Utafanya mtihani wa usajili wa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania (TNMC), usajiliwe, upewe leseni. Kuanzia siku hiyo linda leseni yako isikwishe muda. Wapo wauguzi hodari walionyimwa nafasi ya kozi ya usingizi kwa sababu tu leseni ilikuwa imelala.

Miaka ya wodini

Usikimbilie kozi ya usingizi siku ya pili baada ya kuajiriwa. Miaka 2 hivi ya kazi halisi ndiyo inayokutayarisha, na si kila wodi inafundisha sawa. Omba upangiwe chumba cha dharura, wodi ya wazazi, chumba cha wagonjwa mahututi (ICU) kama hospitali yenu inacho, na hatimaye chumba cha upasuaji. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Dodoma, ambayo wenyeji huita General, na Hospitali ya Benjamin Mkapa zina wagonjwa wa aina nyingi kuliko utakaowaona wilayani. Hata ukiwa umeajiriwa Bahi au Chemba, omba siku kadhaa za kwenda kujifunza huko kwa barua ya muuguzi mkuu wako.

Kuna mikono mitatu ya kuijenga kipindi hiki. Wa kwanza ni mshipa: uweze kuweka kanula, ule mrija mdogo wa kupitishia dawa na dripu, kwa mtu aliyepungukiwa damu, kwa mtoto mnene wa miezi 8, na kwa bibi ambaye ngozi yake inateleza. Wa pili ni ambu, mfuko wa kupumulisha mgonjwa kwa mkono: kumshikilia mgonjwa taya, kufunga barakoa usoni bila hewa kuvuja, na kuona kifua kinapanda. Anayejua kupumulisha kwa ambu hawezi kumpoteza mgonjwa kirahisi hata kama mpira wa hewa unaopitishwa kooni umegoma kuingia. Wa tatu ni hesabu, na hapa tutakaa kidogo.

Dawa za usingizi huandikwa kwa asilimia au kwa miligramu, na kosa la nukta moja ni mara kumi. Shika hili: asilimia 1 ni miligramu 10 katika mililita moja. Basi, kwa dawa za ganzi, lidokaini ya asilimia 2 ina miligramu 20 kwa mililita, na bupivakaini ya asilimia 0.5 ina miligramu 5 kwa mililita. Kiwango cha juu cha lidokaini isiyochanganywa na adrenalini ni miligramu 3 kwa kila kilo. Mgonjwa wa kilo 50 hastahili kuzidi miligramu 150, yaani mililita 7.5 tu za asilimia 2. Daktari anayeongeza ganzi kwenye kidonda anaweza kufika hapo bila kuhisi, na wewe ndiye unayepaswa kumwambia asimame. Ketamini, dawa ya kumlaza mgonjwa, nayo mara nyingi huja kwenye kichupa cha miligramu 500 katika mililita 10. Kumlaza mtu mzima kwa mshipa kunahitaji miligramu 1 hadi 2 kwa kilo. Kwa hiyo vuta mililita 2, ongeza maji ya dawa hadi 10, upate miligramu 10 kwa kila mililita, na bandika lebo kabla hujaweka bomba mezani. Fanya hesabu za namna hii kila siku kwenye daftari, kwa uzito wa wagonjwa uliowahudumia. Ukifika darasani utakuwa unafikiri juu ya mgonjwa wakati wenzako wanatafuta kalamu.

Ruhusa, ada na mkataba

Kama umeajiriwa serikalini, lazima kwanza uthibitishwe kazini baada ya kipindi cha majaribio cha miezi 12. Kisha jina lako liingie kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri. Watu wengi hupata barua ya chuo mwezi wa Septemba ndipo wanaanza kumfuata Katibu wa Afya, wanaambiwa bajeti haina. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na mipango ya halmashauri hutengenezwa miezi mingi kabla ya hapo. Kwa hiyo peleka ombi lako la maandishi kabla ya Desemba, kupitia kwa muuguzi mfawidhi, muuguzi mkuu wa wilaya, Mganga Mkuu wa Wilaya, hadi kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri. Bakiza nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Barua yenye nguvu haisemi "naomba kujiendeleza". Inaonyesha pengo. Andika kituo chenu kina meza ngapi za upasuaji, kina wataalamu wangapi wa usingizi, upasuaji mangapi yalifanyika miezi 12 iliyopita, na wajawazito wangapi walipewa rufaa kwa sababu tu mtu wa usingizi hakuwepo. Takwimu hizo zimo kwenye rejista ya chumba cha upasuaji na rejista ya rufaa. Zikusanye kwa idhini ya mfawidhi. Mganga Mkuu anayeona kwamba anapoteza gari na mafuta kwa rufaa zisizo za lazima atakusemea mwenyewe kwenye kikao.

Hospitali za dini hufanya kwa njia nyingine. Mara nyingi hulipa ada zote au sehemu, nawe unasaini mkataba wa kurudi kuitumikia hospitali kwa muda fulani. Ni utaratibu mzuri, ila usome mkataba mpaka mwisho: miaka mingapi, mshahara gani ukirudi, na utarudisha kiasi gani ukiondoka katikati. Kama kuna kipengele huelewi, mpelekee mtu anayejua sheria kabla ya kusaini.

Ukienda bila ruhusa rasmi, ukategemea kwamba mkuu wako "anajua", unaweza kurudi ukakuta mshahara umesimamishwa na jina lako liko kwenye orodha ya watoro. Ruhusa ya mdomo haipo kwenye jalada.

Kozi ipi

Kuna ngazi tatu unazoweza kukutana nazo. Ipo ya miezi michache, iliyobuniwa ili vituo vya afya vipate mtu wa kuhudumia upasuaji wa dharura wa wajawazito. Ipo ya mwaka mmoja kwa muuguzi aliyekwisha kusajiliwa. Hospitali za KCMC Moshi na Muhimbili zimewafundisha wauguzi wa usingizi kwa miongo mingi. Na ipo shahada ya sayansi ya uuguzi wa usingizi ya miaka 4 katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili.

Ushauri wetu kwa muuguzi mwenye stashahada ni kwenda moja kwa moja kwenye ile ya mwaka mmoja, na kuitazama shahada kama hatua ya baadaye, au hatua ya kwanza kwa kijana anayetoka kidato cha sita akiwa na Kemia na Biolojia nzuri. Kozi ya miezi michache ina kazi yake na imeokoa akina mama, lakini inakuandaa kwa wagonjwa wa aina moja. Tatizo linakuja siku analetwa mtoto wa miaka 3 aliyemeza sarafu, au mzee mwenye moyo uliopanuka, na watu wa kituo wanaamini kwamba "wa usingizi yupo".

Unapolinganisha vyuo, acha kuuliza ada peke yake. Uliza kila mwanafunzi hufanya wagonjwa wangapi kwa mkono wake na wanasainiwa wapi. Uliza kuna watoto wangapi ndani ya hesabu hiyo, nani anasimama nyuma ya mwanafunzi usiku, na kama mashine ya kupima hewa ya kaboni inayotoka mapafuni ipo na inatumika. Chuo kisichoweza kukujibu swali la kwanza hakikufai, hata kama kiko karibu na kwako.

Gharama za kuishi zihesabu kando na ada: chumba, chakula, nguo za chumba cha upasuaji, stetoskopu yako mwenyewe, na nauli. Anayetoka Dodoma kwenda Moshi hupita Kondoa, Babati na Arusha kwa lami yote; wa Dar es Salaam ana treni ya SGR tangu 2024. Mwenye familia apange kwenda nyumbani mara chache, kwa sababu zamu za usiku hazina huruma na wikendi.

Jambo moja kuhusu unachosoma mtandaoni. Kurasa nyingi zinazozungumzia kazi hii ni za Marekani. Huko mwombaji anatakiwa awe na shahada ya uuguzi, leseni, na angalau mwaka mmoja wa ICU, na tangu Januari 2022 wote wanaoanza masomo haya husoma ngazi ya shahada ya uzamivu. Mishahara wanayoitaja ni ya kwao. Cheti cha hapa hakikupi leseni ya kule, kwa hiyo usipange maisha kwa hesabu hizo.

Yale utakayoshindana nayo darasani na mezani

Mgonjwa hujulikana kabla hajapanda mezani. Dodoma swali la kufunga kula linahitaji akili ya ziada. Ukimuuliza mtu "umekula?", atasema hapana, huku saa moja iliyopita alikunywa uji wa uwele. Kwa watu wengi uji na chai si chakula. Uliza hivi: "Mara ya mwisho kuweka kitu chochote mdomoni ilikuwa saa ngapi, na kilikuwa nini?" Kisha hesabu muda unaotakiwa uwe umepita tangu hapo: mlo mzito saa 8, uji, mkate au chai ya maziwa saa 6, maziwa ya mama saa 4, maji matupu saa 2. Mjamzito mwenye uchungu mchukulie kwamba tumbo limejaa, hata akisema hajala tangu jana. Uliza pia kuhusu dawa za kienyeji, hasa zile za kuongeza uchungu, na uulize kwa heshima, bila kumkunjia uso. Kwa bibi wa Kigogo anayesikia Kiswahili kwa shida, anza na salamu ya "mbukwenyi" na umwite mwanaye akalimani. Jibu la kukubali kila kitu kwa kutikisa kichwa si historia ya mgonjwa. Halafu fungua mdomo wake utazame. Meno yanayocheza, shingo fupi, taya dogo, uvimbe wa tezi: hivyo ndivyo hukuambia mapema kwamba mpira wa hewa utakusumbua.

Asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, kagua vifaa kwa mpangilio uleule kila siku. Mashine ya kufyonza iwe imewashwa na mrija uko chini ya mto, si kabatini. Laringoskopu mbili, vile vifaa vyenye taa vya kutazamia koo, zenye mwanga mkali. Ya pili ni ya siku ambayo taa ya kwanza inazimika ndani ya koo. Mipira ya hewa saizi 7.0 na 7.5 kwa wanawake, 7.5 na 8.0 kwa wanaume, na kwa mtoto gawa umri kwa 4 ujumlishe 4 ili kupata mpira usio na puto, ukiandaa na saizi moja juu na moja chini. Ambu iwe mkononi hata kama mashine ni mpya.

Oksijeni ihesabu, usiikadirie. Mashine ya kuchuja oksijeni kutoka hewani hutoa takriban asilimia 90 hadi 95, lakini umeme ukikatika inasimama papo hapo. Mtungi wa akiba ndio uhai. Mtungi mdogo wa lita 680 ukitumia lita 5 kwa dakika utadumu dakika 136. Mshale ukiwa nusu, una dakika 68, na upasuaji mmoja wenye matatizo unaweza kuzidi hapo. Andika hesabu hiyo kwenye plasta uibandike shingoni mwa mtungi.

Joto la kanda ya kati nalo lina lake. Saksamethoniamu, ile ya kulegeza misuli haraka ili mpira uingie, hutakiwa kukaa kwenye friji kati ya nyuzijoto 2 na 8. Ikilala mezani siku nyingi nguvu hupungua, nawe unamchoma mgonjwa kipimo sahihi lakini taya halilegei. Wengi hudhani wamekosea kipimo na kuongeza, kumbe dawa imechoka. Andika tarehe kwenye kichupa kila kinapotoka kwenye friji.

Sehemu kubwa ya kazi yako itakuwa ganzi ya mgongo kwa upasuaji wa kujifungua. Bupivakaini nzito ya asilimia 0.5, mililita 2 hadi 2.5, kwenye nafasi kati ya pingili ya tatu na ya nne ya kiuno, au chini yake. Mstari unaounganisha ncha za juu za mifupa ya nyonga ndio dira yako. Ukipanda juu zaidi unaukaribia uti wenyewe, ambao kwa mtu mzima huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili. Kabla ya sindano: kanula kubwa, dripu inakwenda, presha imepimwa, efedrini, dawa ya kupandisha presha, imechanganywa. Kichupa cha miligramu 30 kikiongezwa maji hadi mililita 10 kinakupa miligramu 3 kwa mililita. Baada ya sindano mlaze, weka kabari chini ya nyonga ya kulia ili mwili uegemee kushoto kama nyuzi 15, mtoto asikandamize mshipa mkubwa wa damu. Pima presha kila dakika kwa dakika 10 za mwanzo. Mama akisema "najisikia vibaya" au akitaka kutapika, usingoje mashine imalize kupima: presha imeshuka. Toa efedrini mililita 2, ongeza kasi ya dripu. Kama mapigo nayo yamepungua chini ya 50, fikiria atropini, dawa ya kuongeza mapigo.

Mara chache ganzi hupanda kupita kiasi. Mwambie akukamate mkono kwa nguvu. Mkono ukilegea, sauti ikawa ya kunong'ona, usimwambie "tulia mama". Huyo anaelekea kushindwa kupumua. Mpe oksijeni, mpumulishe kwa ambu, inua presha, na jiandae kuweka mpira. Akisaidiwa hivyo anapona kabisa ganzi inaposhuka. Akiachwa kwa dakika chache tu, hapana.

Wapo ambao hawafai sindano ya mgongo: aliyemwaga damu nyingi na presha iko chini, mwenye damu isiyoganda, mwenye jipu mahali pa kuchoma. Shinikizo la "fanya haraka, mtoto anachoka" haligeuzi hilo.

Na hili liandike kwa wino mwekundu. Vichupa vya bupivakaini na vya tranexamu, dawa ya kuzuia damu, vinaweza kufanana kwa ukubwa na umbo. Tranexamu ikiingia mgongoni husababisha degedege na mara nyingi kifo. Imetokea katika nchi nyingi, kwa watu wenye uzoefu, sababu vichupa vilikaa trei moja. Weka tranexamu mbali na meza ya sindano ya mgongo, na msome jina kwa sauti, wewe na mwenzako, kabla ya kuvuta.

Katika usingizi kamili, adui ni dakika. Mpe mgonjwa oksijeni kwa barakoa iliyobana dakika 3 kabla hujamlaza. Hiyo ndiyo akiba itakayokubeba ukitafuta koo. Mpira ukiingia, uishie sentimita 21 mdomoni kwa mwanamke na 23 kwa mwanamume, halafu uthibitishe kwa mashine ya hewa ya kaboni, na usikilize pande zote mbili za kifua na tumboni. Oksimita, kile kipima oksijeni cha kidole, huchelewa kusema: mpira unaweza kuwa tumboni na namba bado ni 98. Ukiwa na shaka, utoe, umpumulishe, uanze upya. Vidole vyenye hina nyeusi au rangi ya kucha vinaweza kuharibu usomaji. Hamishia kwenye ndewe ya sikio.

Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ya 2008 husomwa mara tatu: kabla ya usingizi, kabla ya kisu, na kabla mgonjwa hajatoka. Katika vyumba vingi inajazwa mwishoni, mtu mmoja akiweka alama za vema peke yake. Isome kwa sauti. Ukiwa mgeni hospitalini watakuona msumbufu kwa wiki mbili, kisha watazoea.

Ukirudi na cheti

Peleka cheti TNMC ili sifa ya ziada iingie kwenye kumbukumbu zako, na upeleke nakala kwa afisa utumishi ili muundo wako wa kazi uangaliwe. Kama huna mwajiri, nafasi za vituo vya afya na hospitali za wilaya hutangazwa kupitia TAMISEMI, nyingine kupitia Sekretarieti ya Ajira. Hospitali za dini kama Mvumi, Itigi na Makiungu huajiri zenyewe, kwa hiyo peleka barua mkononi.

Kwenye usaili au siku ya kuripoti, uliza mambo matatu kabla ya mshahara: nani mwenzako wa usingizi, nani unampigia usiku, na mtungi wa akiba uko wapi. Kituo kinachotaka ukae zamu kila usiku wa mwezi peke yako hakijaajiri mtaalamu. Mtu aliyekesha siku 4 mfululizo hutofautisha vibaya vichupa. Dai ratiba iliyoandikwa.

Endelea kujifunza. Shirikisho la dunia la wataalamu wa usingizi, WFSA, hutoa masomo mafupi ya bure mtandaoni, na kozi za SAFE za wajawazito na za watoto zimefundishwa nchini. Ukisikia tangazo lake, omba. Lile la wauguzi wa usingizi duniani, IFNA, lipo tangu 1989. Tunza daftari la kila mgonjwa bila jina lake: umri, uzito, upasuaji, dawa na kipimo, tatizo lililotokea. Litakusaidia ukiomba shahada, na litakuonyesha udhaifu wako kabla mtu mwingine hajauona.

Mwaka wa kwanza, uamuzi mgumu zaidi ni wa kutomlaza mtu. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja, mwenye moyo usiotulia, mwenye uvimbe unaobana koo: hao, kama si dharura ya papo hapo, wapelekwe palipo na daktari bingwa wa usingizi. Piga simu Dodoma kabla gari halijaondoka. Taja umri na uzito, ugonjwa, presha, mapigo, oksijeni akiwa na bila mrija, alikula lini, amepewa dawa gani na saa ngapi, na kanula ziko wapi. Muuguzi atakayesindikiza apande na ambu, mashine ya kufyonza ya mguu, na mtungi uliohesabiwa kwa muda wa safari mara mbili, maana kutoka Kondoa au Manyoni gari likipata pancha ni oksijeni hiyohiyo itakayomsubirisha mgonjwa barabarani.